Ndoo Iliyouliza

Jumamosi asubuhi, baada ya kufua na kuanika, mjane alilishusha boksi kutoka juu ya kabati la nguo, akalifuta vumbi na kulifungua kwenye meza ya jikoni. Ndani mlikuwa na vifaa vyote vya kutengenezea bia ya ngano nyumbani: ndoo nyeupe yenye bomba chini na tundu kwenye mfuniko, kopo la shira ya kimea cha ngano, pakiti ya hamira, kipimajoto, unga wa kusafishia vyombo, mfuko wa vizibo na mashine ndogo ya mkono ya kuvibana. Kulikuwa pia na kidude cha plastiki cha kuchomeka kwenye lile tundu. Hicho hutiwa maji kidogo, hewa ya ndani ikatoka kwa mapovu na ya nje isiingie.

Mumewe alilinunua boksi hilo wiki mbili kabla ya kufa. Alikuwa muosha matangi katika kiwanda cha bia kwa miaka kumi na tisa, na alisema anataka kujua kama kitu anachokiosha kila siku kinaweza kutengenezwa na mtu mwenye akili timamu.

Mjane alikuwa msaga vioo katika duka la miwani. Hakuwahi kutengeneza bia, lakini vipimo havikumtisha. Aliisoma karatasi ya maelekezo mara moja, akakunja mikono ya gauni.

"Unajua unachokifanya?" aliuliza mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango akichambua maharage.

"Sijui, Mama. Karatasi ndiyo inajua."

"Haya. Ikiungua usiniite mimi, iite karatasi."

Mjane alifanya kazi kama mumewe alivyokuwa akifanya, yaani kwa kuuliza kila hatua kwa sauti na kusubiri jibu. Ndiyo ilikuwa sheria ya waosha matangi. Anayeingia huuliza, aliyebaki nje hujibu, na asiyejibiwa haingii. Wengine waliifuata sheria hiyo mkaguzi akiwapo. Mumewe aliifuata hata nyumbani. Hakuwahi kutoka asubuhi bila kusimama mlangoni na kuuliza, "Jiko limezimwa?" wala kuondoka kabla mtu hajajibu, "Limezimwa." Kiwandani walimwita Bwana Hatua.

"Bwana Hatua," wenzake walimtania, "na choo nacho umekiuliza kama kiko wazi?"

"Nimekiuliza," alijibu. "Kimesema umo wewe."

Kwa hiyo siku ile jikoni mjane aliuliza, "Ndoo imeoshwa?" na mama mkwe akajibu, "Imeoshwa," bila kuinua macho kutoka kwenye maharage. "Shira imeyeyuka?" "Imeyeyuka." "Maji yamepoa?" Mama mkwe alichovya kidole. "Yamepoa." Ndipo mjane akanyunyiza hamira, akafunika, akachomeka kile kidude na kuiweka ndoo pembeni mwa kabati la vyombo, mahali pasipofika jua.

Kwenye droo ya kabati hilo hilo ilikuwemo taarifa ya kiwanda kuhusu ajali, karatasi tatu zenye muhuri. Bia inapochacha hutoa gesi nzito isiyo na rangi, inayotuama ndani ya tangi kama maji, na anayeivuta hufa. Mtu hainusi hewa akajua. Lazima ipimwe kwa kipimo. Taarifa ilisema hivi: "Marehemu aliingia ndani ya tangi bila kuuliza kama hewa imepimwa. Chanzo cha ajali ni uzembe wake mwenyewe." Msimamizi wa zamu alikuwa ameandika kwamba wakati huo yeye alikuwa stoo.

Mjane aliandika barua tatu kuomba sentensi hizo mbili zifutwe. Hakuomba kingine. Mara zote tatu alijibiwa kwamba shauri limefungwa.

Siku ya pili, Jumapili, ndoo ilianza kutoa mapovu. Mawili mafupi, moja refu, kisha kimya kidogo, kisha mawili mafupi, moja refu. Mjane alikuwa anapiga pasi sare ya kazi. Aliiweka pasi wima, akasikiliza.

"Ni yeye," alisema mama mkwe. "Alikoroma hivyo tangu ananyonya. Umemfunika vizuri?"

"Nimemfunika."

"Basi mwache alale."

Ilipofika saa nane na nusu mchana, saa ambayo zamu ya mchana huanza kuosha, mapovu yalikatika. Kisha sauti ya mumewe ikatoka kwenye kidude cha plastiki, ikiwa na majimaji kidogo lakini yake kabisa.

"Valvu imefungwa?"

Mjane aliinama akaangalia bomba la chini ya ndoo. "Imefungwa."

"Kamba iko kiunoni?"

Mama mkwe alizishika kamba za aproni yake mwenyewe. "Iko, mwanangu."

"Hewa imepimwa?"

Wanawake wawili walitazamana. Hawakuwapo pale tangini siku ile.

"Hilo hatulijui, baba," alisema mama mkwe hatimaye. "Waulize wenzako."

Ndoo ilisubiri kama dakika moja, kisha ikarudi kukoroma.

Iliuliza kila siku kwa siku tisa, saa ile ile, na kila siku ilikomea swali la tatu. Mjane akiwa kazini, mama mkwe alijibu mawili ya kwanza peke yake. Nyumba ilianza kunukia ndizi mbivu na karafuu, kama bia ya ngano inavyonukia inapochacha vizuri, na harufu ikampandia karani mstaafu wa mahakama aliyeishi ghorofa ya juu. Alishuka na daftari lake kwapani, kwa maana hakuwahi kuliacha hata baada ya kustaafu. Alisikiliza maswali yote matatu, akaandika tarehe na saa.

"Anauliza vizuri," alisema. "Mahakamani nimeona mawakili wasioweza kuuliza hivyo."

Siku ya kumi mapovu yalikoma. Mjane alipima bia, akaona iko tayari, akaijaza kwenye chupa arobaini na moja zilizooshwa, kijiko kidogo cha sukari kila chupa, akazibana vizibo na kuzipanga chini ya kitanda upande wa mumewe. Huko zilikaa wiki mbili bila kusema neno.

Jumapili ya kuzifungua, karani alifika mapema na glasi yake mwenyewe. Saa nane na robo hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyeitwa Bwana Kofia kwa sababu hakuivua kofia yake nyeupe ya kiwandani hata ndani ya nyumba za watu. Alibeba mfuko wenye vitu vilivyobaki kwenye kabati la marehemu: mabuti, kikombe cha bati, sabuni iliyoliwa nusu.

"Shikamoo, Mama," alimwambia mama mkwe. Kisha, kwa mjane, "Poleni tena, shemeji. Nimeleta vitu vyake. Kuna na karatasi ya kusaini."

Mjane aliisoma karatasi taratibu, kama asomavyo namba za vioo. Ilisema kwamba amepokea mabuti, kikombe na sabuni, na kwamba ameisoma taarifa ya ajali na kuikubali.

"Kikombe nimekipokea," alisema. "Taarifa sijaikubali."

"Ni utaratibu tu, shemeji. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kaa kwanza. Mgeni hasainishwi akiwa amesimama, wala hasainishi."

Alimletea chupa na kifungulio. Bwana Kofia alisema ataifungua mwenyewe, maana mtu wa kiwanda cha bia hafunguliwi chupa. Aliishika vizuri, akaitazama rangi yake dhidi ya dirisha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na nusu. Kizibo kikaruka.

"Valvu imefungwa?" iliuliza chupa.

"Imefungwa," alijibu Bwana Kofia, kifungulio kikiwa bado mkononi. Alikuwa amejibu swali hilo kwa miaka kumi na mmoja, na mdomo wake haukuhitaji ruhusa yake.

"Kamba iko kiunoni?"

"Iko."

"Hewa imepimwa?"

"Imepimwa," alisema Bwana Kofia, haraka, kama mtu anayewahi chai.

"Sawa," ilisema chupa. "Naingia."

Baada ya hapo povu lilipanda, jeupe na zito, likamtiririkia vidoleni hadi kwenye mkono wa shati. Mama mkwe alimpa kitambaa. Karani alikuwa anaandika.

"Kwa hiyo aliuliza," alisema mjane.

"Aliuliza," alisema Bwana Kofia, akijifuta. "Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Alikuwa anauliza mpaka unachoka."

"Na wewe hukuwa stoo."

"Nilikuwa hapo mdomoni mwa tangi. Kama ninavyokaa hapa."

"Hewa uliipima kwa kifaa gani?"

"Haikupimwa, shemeji. Kipimo kilikuwa kwa fundi tangu mwezi uliotangulia. Sote tulikuwa tunajibu 'imepimwa'. Kazi ingesimama." Alimimina bia kwenye glasi, akabakisha kidogo chini ya chupa, akaizungusha ili mashapo yaamke, akamalizia kumimina, kama inavyotakiwa kwa bia ya ngano. Alionja. "Hii ni nzuri. Kusema kweli kuliko yetu."

"Wahenga walisema kuuliza si ujinga," alisema mama mkwe. "Hawakusema lolote kuhusu wanaojibu."

Mjane alimgeukia karani. "Umeandika yote?"

"Yote, na saa."

"Inatosha kufungua shauri?"

Karani alivua miwani, ambayo mjane ndiye aliyemsagia, akaifikiria hali kwa uaminifu. Alisema kwamba kwa miaka thelathini na miwili aliona ushahidi wa kila aina, lakini chupa haiwezi kuapishwa. Haina mkono wa kuinua.

"Na huyu? Huyu ana mikono miwili."

"Huyu alijibu akiwa ameshika bia. Wakili yeyote ataanzia hapo. Na mimi shahidi nilikuwa na glasi."

"Basi aseme tena kesho asubuhi, kabla hajaonja chochote. Utasema?"

Bwana Kofia aliitazama glasi yake. Alisema, kwa upole ule ule, kwamba hapa nyumbani anaweza kusema wakati wowote shemeji atakapopenda, hata kila Jumapili. Lakini taarifa ina muhuri, na juu ya sahihi yake kuna sahihi ya meneja, na juu ya ya meneja kuna nyingine. Yeye ana watoto wanne.

"Yeye alikuwa na mama mmoja," alisema mama mkwe.

Mjane aliirudisha karatasi bila kusaini. Bwana Kofia hakukasirika. Aliandika chini yake "amekataa kusaini," akaikunja, akaeleza kwamba kwa utaratibu wa kiwanda inafanya kazi hivyo hivyo. Alipomaliza glasi aliuliza kama anaweza kupata chupa mbili za mke wake. Mjane alisema hapana. Aliisema bila kupandisha sauti, na Bwana Kofia akaaga, akainama kidogo mlangoni ili kofia isigonge.

Chupa zilizobaki hazikuuliza kitu. Zilifunguliwa jioni baada ya jioni, zikatoa hewa tu kama chupa zozote. Mjane alielewa sababu. Mumewe alikuwa amejibiwa, na alipojibiwa aliingia.

Mwezi uliofuata alinunua boksi jingine. Safari hii hakuisoma karatasi. Ndoo ilioshwa, shira ikayeyuka, maji yakapoa, na mama mkwe akajibu yote huku akimenya viazi. Siku ya pili mapovu yalianza, mawili mafupi, moja refu. Karani alishuka na habari kutoka kiwandani. Pale kwenye matangi wamebandika bango jipya lenye herufi nyekundu, ULIZA KABLA YA KUINGIA, na kila mfanyakazi mgeni anasimuliwa habari za yule ambaye hakuuliza. Anayesimulia ni Bwana Kofia, na anasimulia vizuri.

"Kipimo kimerudi kutoka kwa fundi?" aliuliza mjane.

"Nimeuliza. Wanasema kiko njiani."

Saa nane na nusu ndoo ilinyamaza. Iliuliza habari za valvu, ikajibiwa. Iliuliza habari za kamba, ikajibiwa.

"Hewa imepimwa?"

Mjane aliiweka pasi wima, akasogea karibu na mfuniko ili asikike vizuri.

"Bado," alisema. "Usiingie."

Kile kidude cha plastiki kilitoa povu moja.

"Sawa," ilisema ndoo. "Nasubiri nje."

Ikarudi kukoroma. Mjane alirudi kwenye pasi. Kesho yake, saa nane na nusu, ingeuliza tena, na angekuwapo mtu wa kujibu.