Kamba ya Ndama

Chumba cha Scola kiko nyuma ya kanisa, mjini Sumbawanga, na waendesha bodaboda wana jina lao wenyewe kwa mahali pale: kwa yule dada asiye na sindano wala vidonge. Ni kweli, hana. Ana viti viwili, birika la chai, kabati lenye kufuli, na masikio. Wapo wanaosema ushauri nasaha wa namna hiyo si kazi. Waje wakae pale Alhamisi moja tu, halafu waseme tena.

Alhamisi hizo za kipupwe, upepo wa Ufipa ukipenya hadi kwenye mifupa, alikuwa akija Masalu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Aliletwa na mkewe, Jenifa. Binti yao wa kwanza, Mboje, wa miaka kumi na mmoja, alichukuliwa na maji mwezi wa tatu akivusha ndama mtoni. Tangu mazishi, Masalu hakusema zaidi ya ndiyo na hapana. Alikuwa akishinda pale kivukoni, akitazama maji.

"Dada, naogopa atamfuata mtoto," Jenifa alisema, machozi yakimtoka.

Scola hakumuuliza Masalu kitu siku ile ya kwanza. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka tisa, aliachiwa mdogo wake Beda amwangalie wakati mama yao anapepeta ulezi. Akanogewa na mchezo wa mdako. Beda akatumbukia kisimani. Watu wazima wote, kuanzia katekista hadi bibi yake, walimwambia neno moja: si kosa lako, mtoto. Lilikuwa neno la huruma, na lilimfunga mdomo miaka ishirini. Maana ukishaambiwa si kosa lako, utaanzaje kusema kwamba ulimsikia akikuita, ukamjibu subiri?

Kwa hiyo badala ya kuuliza, alimwomba Masalu aje na katani. Alikuwa amewaona wazee wa Kisukuma mnadani wakizungumza huku wanasokota kamba, akaona kwamba mikono ikiwa na kazi, mdomo husahau kujilinda. Masalu akasokota, Scola akimshikia ncha ya pili. Wiki nne zikapita hivyo, kimya, kamba ikizidi kurefuka bila kukatwa.

Jenifa alichukia. "Mtu wa hali hii unampa kamba, dada?"

Scola akamwonyesha kabati na ufunguo. Kamba ile haikuwa imetoka chumbani hata siku moja. Lakini moyoni hakuwa na uhakika hata chembe kama alikuwa akifanya la maana.

Wiki ya tano alifanya jambo dogo. Kijijini watu walikuwa wameanza kumwita Masalu Baba Amos, kwa jina la mtoto wa pili, ili wasimkumbushe msiba. Hata Jenifa alimtambulisha hivyo. Scola akavuta ncha yake, akasema, "Baba Mboje, kaza hapo, inalegea."

Mikono ya Masalu ikasimama.

"Siku hizi hakuna anayeniita hivyo."

"Mimi nitakuita hivyo, kama unapenda."

Aliinamia kamba, akaikaza. "Ulijuaje habari ya kamba?"

"Kamba gani, baba?"

"Aliniomba. Yule ndama ni mkorofi. Siku tatu ananiambia, baba, nisokotee kamba, huyu ananiponyoka. Mimi namwambia kesho. Akaingia naye majini amemshika shingo kwa mikono. Ndama alivuka."

Wiki tano nzima Scola alikuwa amemkalisha mtu juu ya kidonda chake bila kujua. Alitaka kumwomba radhi. Zaidi ya yote alitaka kumwambia si kosa lako, na neno lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza.

"Alitaka ya urefu gani?" aliuliza.

Masalu akanyoosha mikono yote miwili hadi mwisho, mara mbili, kama mtoto alivyokuwa amemwonyesha. Scola akaleta kisu. Wakapima, wakakata, wakafunga fundo kila ncha. Hapo ndipo Masalu alipolia, kwa sauti iliyowafanya akina mama wa kwaya huko nje waache kuimba. Scola naye alilia. Chuoni walimfundisha ajizuie, na siku ile alishindwa.

Mzee alipotulia, Scola alimuuliza bila kuzunguka. "Baba Mboje, unataka kujiua?"

"Nilitaka." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Sasa nataka nikamfunge yule ndama."

Scola akamwita Jenifa ndani, na Masalu akayarudia yote mbele ya mkewe, hata ile "kesho" aliyokuwa akimwambia mtoto. Jenifa alimshika mkono asimwachie. Kamba, Scola aliiweka mikononi mwa Jenifa.

Wiki ile Scola alishtuka kila simu ilipoita. Kila asubuhi alimpigia Jenifa, na kila asubuhi Jenifa alimjibu kwamba mzee yupo zizini.

Alhamisi ilipofika, Masalu alikuja mikono mitupu. Akaketi, akapokea chai.

"Umemfunga?"

"Nimemfunga. Nimevuka naye mto, kwenda na kurudi. Hakuniponyoka."

"Kwa hiyo kamba ilitosha."

"Ilitosha." Alishika kikombe kwa mikono yote miwili, bila kunywa. "Dada, hata siku ile ingetosha."

Scola alimfikiria Beda, na sauti yake ikiita kutoka upande wa kisima.

"Ndiyo, Baba Mboje," alisema. "Ingetosha."

Akasogeza kiti chake karibu, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.