Mkurugenzi wa Lori Moja

Jina la Mkurugenzi alijipa mwenyewe, jambo ambalo mtu mwenye haya angelificha. Yeye alilichapisha kwenye kadi. Alikuwa na lori moja, trela moja na mke mmoja, lakini kadi zilisema "Mkurugenzi Mtendaji", na walinzi wa maghala, ambao wamezoea kuwaona wakurugenzi wa kweli wakiteremka kwenye magari yenye viyoyozi, walimwita hivyo kwa adabu iliyozidi kipimo. "Mkurugenzi, sogeza lori lako, umetuzibia geti." Naye alisogeza.

Kabla ya hapo alikuwa dereva wa watu kwa miaka mingi. Siku alipoacha kazi alitoa hotuba mbele ya ofisi nzima, kwamba mwanamume hawezi kuzeeka akiambiwa nenda, rudi, simama, nenda tena. Hotuba ilikuwa nzuri sana. Ubaya wake ni kwamba alisahau chupa yake ya chai ndani ya lori la tajiri, ikabidi arudi kuifuata, na makarani wakamuuliza kama amekuja kutoa sehemu ya pili.

Sasa kampuni kubwa ya uchukuzi ilikuwa inamtaka. Lori libaki lake, walisema, ila lipakwe rangi ya kampuni na libebe mizigo ya kampuni tu. Wao wangemtafutia kazi, wangempa dizeli na tairi kwa bei nafuu, nao wangekata chao kabla yeye hajaona chake. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Mkurugenzi alishindwa kuamua. Asubuhi, akizikagua tairi zilizoanza kuota kipara, alikuwa mtu wa kampuni. Mchana, akishika usukani na barabara iko wazi mbele yake, alikuwa huru mpaka kufa.

Kilichompa jeuri ni kitu kimoja. Kila mwenye lori anajua kwamba kwenda na mzigo si kazi. Kazi ni kurudi nao. Lori likirudi tupu, faida yote imechomwa kwenye dizeli. Na Mkurugenzi karibu kila safari alirudi amejaza. Wenzake walimuuliza siri yake. "Nyota yangu kali," aliwajibu, huku akisafisha meno kwa kijiti kama mtu asiyetaka kujisifu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele kilikuwa chake, kimejaa sare za shule zinazosubiri vifungo. Juu ya meza ya kukatia nguo ilikaa simu ya kampuni. Wateja hawamwamini mtu mwenye lori moja, kwa hiyo walikubaliana kwamba simu ikilia mke aache kushona na aseme, "Idara ya usafirishaji, karibu." Wateja waliosikia cherehani kwa mbali walidhani ni mashine za ofisini. Mtu akimuuliza mkewe anafanya nini, Mkurugenzi alisema, "Ananisaidia kupokea simu."

Alhamisi meneja wa ile kampuni alikuja kuliona lori na kujibiwa maswali. Alizunguka trela, akagonga tairi kwa kiatu, akakaribishwa chumba cha mbele. Mke akaondoa marundo ya kaptula kwenye kiti. "Karibu, shemeji, usijali uzi, unapukutika." Meneja akakaa, akapewa chai, na Mkurugenzi akasimama kwa sababu alikuwa na maneno ya kusema.

"Meneja, mimi ni mwanamume," alianza.

Simu ikalia. Mke akaipokea. "Idara ya usafirishaji, karibu… Hapana, kaka, magodoro sichanganyi na chumvi, unyevu utakuharibia. Lori letu linashusha kesho kutwa saa nne, saa tano liko mlangoni kwako. Ukichelewa kufungua ghala nampa mwenye vigae, na usinilaumu."

Meneja aliweka kikombe chini. "Ni wewe?"

"Ni mimi nini, shemeji?"

"Wewe ndiye uliyenichukulia ule mzigo wa mabomba?"

"Ulichelewa kupiga," mke alisema kwa upole, akakata uzi kwa meno.

Meneja alicheka mpaka akajifuta macho. "Nina watu watatu wenye kompyuta, na malori yangu yanarudi matupu, milango ikigongagonga njiani. Siku zote nilidhani huku kuna ofisi nzima!" Kisha akamgeukia Mkurugenzi, ambaye bado alikuwa amesimama kama mwanamume. "Ndugu yangu, lori lako tutalichukua ukipenda. Malori tunayo. Lakini huyu akija kwetu, nampa meza yake, mshahara wake, na malori yote ayapange yeye."

Meneja alipoondoka, Mkurugenzi alikaa kwenye kile kiti juu ya uzi uliopukutika na kuanza kukumbuka maagizo ya mkewe. Pitia kwa yule mama wa vigae, amenipigia, akapitia. Usiondoke kabla ya saa sita, kuna mtu anakuja, hakuondoka. Achana na huyo dalali, akaachana naye. Miaka miwili mtu huru kabisa alikuwa ameambiwa nenda akaenda, rudi akarudi, na jioni akajisifia. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Yeye alikuwa ameisafiria bara zima na kuifunika turubai.

Aliona aibu. Na kwa kuwa aibu ni mzigo mzito kwa mtu mwenye cheo, aliigeuza hasira. "Safari ya kesho usinitafutie mzigo wa kurudi," alisema. "Nitajitafutia."

"Sawa, baba," mke alisema, akarudi kwenye vifungo vyake.

Jumamosi alifika, akashusha saruji, akaanza kujitafutia. Aliowapigia walimwuliza yule dada wa idara yuko wapi. Mwenye magodoro alisema ana miadi na ofisi, hawezi kuongea na dereva. Mama wa vigae, aliyewahi kumwona mara kumi, alimwambia wazi, "Mwanangu, wewe ni mtu mzuri, lakini mpe simu dada." Alizunguka maghala mpaka jua likamchoka, na mwishowe, pembeni ya stendi, akapata mzigo: kabati moja la nguo, lenye kioo, la mwalimu aliyehamishwa kituo.

Aliliweka katikati ya trela linalobeba tani thelathini, akalifunga kamba pande zote. Kwenye mizani ya barabarani karani alitoka kibandani ili aone kwa macho yake. "Mkurugenzi," aliuliza, "tulipime, au umelileta litupime sisi?"

Jumapili aliingia nyumbani. Mkewe alitoka mlangoni na futi ya kupimia ikiwa shingoni, akaliangalia kabati, akamwangalia mumewe, akakaa kwenye ngazi. Alicheka kwa kushika mbavu. Mkurugenzi alitaka kununa, lakini alipogeuka alijiona kwenye kile kioo, amejaa vumbi, mabega ameyainua kama anayesubiri kupigwa picha ya gazeti, naye akaangua kicheko. Walicheka mpaka jirani akachungulia.

Kicheko kilipoisha alikaa ngazini karibu na mkewe. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba nyota ilikuwa yako."

Mke alizungusha futi kidoleni. "Ulikuwa unafurahi mno kuwa bosi. Ukirudi na mzigo unaingia ndani unaimba. Nikaona nikikuambia, utaacha kuimba."

Hilo lilimuuma, na lilimuuma kweli. Wiki nzima alikuwa amepima kila kitu: rangi ya lori, dizeli, tairi, makato, heshima ya mwanamume. Mkewe tu ndiye ambaye hakumpima wala kumuuliza, kana kwamba alikuja pamoja na simu.

"Na wewe," aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo, "wewe unataka nini?"

Ilionekana mke hakulizoea swali hilo. "Kazi naipenda," alisema mwishowe. "Nikikujazia lori nalala vizuri. Ila nataka kumfanyia kazi mtu anayejua kwamba namfanyia kazi."

Mkurugenzi alitamani kumwambia kwamba sasa anajua, lakini aliona kwamba kujua baada ya kuumbuliwa na kabati si kujua kwa kujivunia. Akatoa simu mfukoni, akampigia meneja hukohuko ngazini. Alisema lori linakuja, walipake rangi wanayotaka, mradi atakayelipangia safari ni yule waliyemwona kwenye cherehani. Kuhusu dereva wasiwe na wasiwasi, anapenda kusema lakini barabara anaijua.

Meneja alifurahi sana. Ila kwa sababu ya utaratibu, alisema, lazima aulize: Mkurugenzi mwenyewe ameridhia?

"Subiri," alisema. "Muulize mwenyewe." Akampa mkewe simu.