Ukuta Ulioomba Likizo

Jana mchana niliota kwamba ukuta wa ofisi ya walimu umeomba likizo. Nilikuwa nimeuegemea, nikipumzika baada ya kuwafundisha Kidato cha Tatu kwamba ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma.

"Mwalimu Tumpe," ukuta ukaniambia, "miaka kumi na mmoja unanisukuma kwa mgongo, nami nakusukuma vivyo hivyo. Leo napumzika."

"Ni haki yako," nikasema.

Ukaacha kunisukuma. Nikapita katikati yake kama mtu apitaye kwenye pazia, nikatokea ukumbi wa kanisa kwetu Tukuyu, madaftari ya wanafunzi bado mkononi.

Katikati ya ukumbi amesimama dada yangu Sekela. Hatujasemeshana tangu Pasaka, tulipogombania kitanda cha marehemu mama. Nataka kumfuata. Napiga hatua, miguu inateleza palepale.

"Hapa hutembei," sakafu inasema, kwa sauti ya karani. "Wewe hunisukuma nyuma kwa mguu, mimi ndiye nikupelekaye mbele. Leo sisukumi mtu."

"Sasa nitamfikiaje dada?"

"Una nini mkononi?"

"Madaftari."

"Tupa nyuma."

Natupa moja. Nasogea mbele, mwendo wa konokono. Natupa la pili, la tatu. Kila linaloruka nyuma linanipeleka mbele kidogo. Yanapokwisha, natupa na yale maneno niliyokuwa nimemwandalia Sekela tangu Pasaka. Hayo yalikuwa mazito kuliko madaftari yote. Nikaenda mbio.

"Dada, nakuja, na siwezi kusimama."

"Nakuona. Njoo tu."

Bega likagonga bega. Tukashikana. Mwendo wangu ukawa wa watu wawili, tukateleza pamoja kuelekea mlangoni, polepole, nusu ya kasi niliyokuja nayo.

"Umenenepa," akasema.

"Tuko sawa kwa uzito, dada. Ndiyo maana ni nusu kamili."

Akacheka. Sakafu ikatuandika kitabuni kwamba tumetoka.

Nikaamka simu inaita. Alikuwa Sekela.

"Mdogo wangu," akasema, kana kwamba tulizungumza juzi tu. "Nilijilaza kidogo baada ya kula, nimeamka bega la kulia linaniuma. Sijui nimegongana na nani."

"Linauma sana?"

"Kiasi tu."

Nikaligusa langu la kulia. Lilikuwa linauma kiasi hichohicho.