Kilo Kumi za Mwezini

Kila asubuhi, kabla jumba la maonyesho ya sayansi halijafunguliwa, msichana aitwaye Kimya alilipangusa jiwe. Lilikuwa jeusi, la kilo sitini, limening'inizwa kwa kamba iliyozunguka gurudumu la darini na kushuka nyuma ya pazia, ambako vilifungwa vyuma vya kilo hamsini. Vyuma vikivuta huku na jiwe kule, anayelinyanyua hukutana na kilo kumi tu. Ndivyo lingekuwa mwezini.

Hayo yaliandikwa kwenye kibao na Profesa. Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mtoa maelezo wa jumba. Jina hilo alipewa kwa kejeli na wakata tiketi, naye akalipokea kwa shukrani.

Kimya alikuwa msafishaji, darasa la saba basi. Lakini kwa miezi minane alikuwa akipiga deki huku masikio yakiwa kazini, na maelezo ya Profesa aliyajua kama sala. Sasa tangazo lilikuwa limebandikwa: anatafutwa mtoa maelezo wa pili. Kazi hiyo aliitaka mpaka usingizi ukamruka.

"Subiri siku ya mgeni rasmi," shangazi yake, mmoja wa wakata tiketi wale, alimwambia. "Mkuu wa jumba atakuwapo. Tafuta neno moja la maana useme akisikia. Bubu hapewi kazi ya kusema."

Neno la maana alikuwa nalo. Siku moja alilisukuma jiwe juu ili afute chini yake, akaliona linarudi polepole, akanyoosha mkono kulizuia. Liliteremka pamoja na mkono. Kiwiko kilivimba wiki nzima.

"Mzee," alimwambia Profesa, "hili jiwe kulinyanyua ni rahisi, ila kulisimamisha ni kazi."

"Kazi gani, kilo kumi?"

"Likishaanza kwenda halijui habari za mwezini."

"Binti, mwezini vitu vinakuwa kama pamba. Hii sayansi, siyo ndoo na tambara."

"Haya, mzee."

Mgeni rasmi alikuja Ijumaa, mama mwenye miwani na maswali mengi. Profesa, kikombe cha chai mkono wa kushoto, akalisindikiza jiwe kwa mkono wa kulia mpaka juu ya kichwa, akaliachia. Likaanza kushuka taratibu, kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga shela.

"Tazama, mheshimiwa. Nalidaka kwa mkono mmoja, na chai haimwagiki."

Jiwe halikuwa na haraka, wala halikuwa na nia ya kusimama. Liliukuta mkono, likaenda nao. Mkono ukaita bega, bega likamwita mwenyewe. Profesa akajikuta amekaa sakafuni, jiwe mapajani, chai kifuani.

"Hizo kilo kumi," mgeni rasmi akauliza, "zimekuangushaje?"

Profesa alianza kujifuta chai. Mkuu wa jumba akawa anaikagua dari. Kimya alikwisha kulinyanyua jiwe, kwa mikono miwili, bila shida.

"Uzito ni vile dunia inavyolivuta, mama," alisema. "Mwezini mvuto ni mdogo, uzito unabaki sehemu moja ya sita. Lakini jiwe lenyewe halijapungua hata chembe. Tungamo lake ni kilo sitini, huku na huko. Ukitaka kulisimamisha likiwa linakwenda, unapambana na tungamo. Na hapa kuna vyuma nyuma ya pazia, navyo vinakwenda. Mwezini angezuia sitini. Hapa amezuia mia na kumi."

"Umesoma wapi, mwanangu?"

"Nimesafisha hapa hapa, mama."

Watu wakacheka, mgeni rasmi akampa mkono, na mkuu wa jumba akatangaza kwamba msichana huyu ni hazina. Kufikia jioni shangazi alikuwa ameshawapigia simu ndugu watatu.

Barua ilikuja Jumatatu. Aya mbili za sifa. Ya tatu ilieleza kwamba mtoa maelezo ni lazima awe na cheti cha kidato cha nne, hivyo ameajiriwa bwana mmoja mwenye nacho. Kimya, kwa ujuzi wake mkubwa, atamfundisha kazi kila asubuhi, akimaliza kupiga deki.

"Yaani umfundishe aliyekalia kiti chako?" shangazi akauliza. "Na utamfundisha yote?"

"Yote, shangazi. Kazi kwake kusikia."

Bwana mwenye cheti alifika mapema, koti jeupe limenyooka. Kimya alimweleza polepole: jiwe likishuka lipokee kwa mikono miwili, kunja magoti, lifuate kwanza ndipo ulisimamishe. Akarudia mara ya pili.

"Dada yangu," bwana akatabasamu, "mimi fizikia nilipata alama za juu."

Akalisukuma jiwe juu, akanyoosha mkono mmoja. Kimya akaisogeza ndoo pembeni, maana sakafu alikuwa ameshaikausha.