Mgeni wa Mfereji

Bwana Pelham, aliyeuza mitambo ya umeme na redio kule Tanga, alipanda milimani hadi Lukozi siku ya kuzibua mfereji, mwaka 1951, akiwa na mpiga picha na karani wake, Ernest. Alivaa suruali kuukuu iliyopigwa pasi.

Fanueli, msimamizi wa mfereji, aliitazama ile mistari ya pasi. Mwaka uliopita bwana huyu aliipa shule redio. Picha ilitoka gazetini. Betri ikafa mwezi wa tatu, na barua mbili za mwalimu hazikujibiwa. Tena tangu vuli watu wake walikuwa wakipima kijito pale kwenye banio, maji yanapokingwa kuingia mferejini. Hawakusema wanapimia nini.

"Shikamoo, mzee," alisema Ernest. "Bwana anaomba jembe. Anataka kuchimba pamoja nanyi, dakika tano tu."

"Marahaba. Hata ile redio ilikuwa dakika tano."

Watu wakacheka.

"Achimbe hapa basi. Tope limejaa."

"Anapenda kule juu, penye banio. Picha itatoka vizuri, kuna mwanga."

Fanueli akageuka kutazama. Banio lilikuwa kivulini tangu asubuhi.

"Mama yako mtu wa wapi, Ernest?"

"Mlalo."

"Basi unajua."

Ernest akainamia viatu vyake. Alijua desturi ya mifereji ya milima hii. Atakayezibua banio siku hiyo, mbele ya watu, amejipatia zamu ya maji, na baraza haliwezi kumnyima. Picha ingekuwa shahidi asiyesahau. Zamu zilikuwa saba, za kaya saba. Ya nane ingetoka kwenye maharage ya mtu, na mtambo wa umeme haunywi kwa zamu.

"Nitamwambiaje, mzee? Nitafukuzwa kazi."

"Mwambie kwetu mgeni hapewi jembe. Analishwa."

Zipora, mke wa Fanueli, alikwisha leta kigoda na sahani ya makande. Desturi ni ileile: aliyekula siku ya mfereji bila kuchimba ni mgeni, na mgeni hana zamu. Bwana Pelham alisikiliza tafsiri, akatabasamu, akaketi. Mpiga picha akamwomba ainue kijiko.

Gazeti lilifika baada ya wiki tatu.

"'Rafiki wa wakulima,'" Zipora alisoma, "'akikaribishwa chakula.'"

Fanueli aliikagua picha. Nyuma ya bwana yalionekana majembe saba, kila moja mkononi mwa mwenyewe. Akaikata kwa kisu, akaiweka kwenye kopo la bati pamoja na stakabadhi za kodi.

"Siku akija kudai maji," alisema, "baraza litamwona mgeni wetu."