Dumu la Ulanzi Dukani kwa Nadeem

Nililikuta duka la Nadeem limezungushiwa kamba. Ndani, juu ya kaunta, dumu langu la ulanzi lilikuwa limevimba kama mjamzito wa kujifungua leo, likiwasonya polisi.

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, haubebwi umezibwa. Kwetu Kilolo hata mtoto anajua: kifuniko unakilegeza ili upumue, maana hauachi kuchachuka hata ndani ya basi. Lakini Nadeem ni mzaliwa wa Mwanjelwa, tena pombe haionji. Miaka yote nikipita Mbeya kwenda Chunya kwa mwanangu Vitus, humwachia mizigo nikazunguke sokoni, naye huniwekea kigoda bila kuuliza nimebeba nini. Siku hiyo aliona kifuniko kimelegea, akaogopa mzigo wangu usije ukamwagika, akakikaza kwa nguvu zake zote. Wema wake ndio uliomponza.

Sasa alikuwa ameketi vumbini kando ya gari la polisi, pingu mikononi. Mkewe, Taslim, alisimama mbali, ameshika kandambili za mumewe.

"Walimuuliza ndani kuna nini, akasema hajui," Taslim aliniambia. "La nani? La Bibi. Bibi gani? Bibi wa Kilolo. Basi, wakamfunga."

Nikainua kamba, nikapita. Afande Brayson, kijana mrefu, akanizuia.

"Bibi, rudi nyuma. Kile kitu ni hatari."

"Ni ulanzi wangu, mwanangu. Unatafuta pumzi tu."

"Kinachotafuta pumzi ndicho tunachokiogopa."

Aliona haya kunishika mkono, nami haya hiyo nikaitumia. Kabla hajaamua, nilikwisha kulegeza kifuniko. Povu liliruka hadi darini, likanyesha juu ya vitenge na sabuni. Soko zima likalala chini. Kisha sauti ikatoka chini ya meza ya nyanya: "Huo ulanzi. Tena umekomaa."

Brayson akaonja kidogo, kwa ajili ya uchunguzi. Halafu akachunguza tena.

"Haya, mfungueni Nadeem," nikasema.

"Huyo anakwenda kituoni. Sheria ya ugaidi haina mchezo. Tutamshikilia mpaka turidhike."

"Dumu ni langu. Nishikilieni mimi."

"Wewe ni bibi."

"Na yeye ni nani?"

Akafuta povu kwenye kofia. "Bibi, lingekuwa bomu kweli, si ungeniuliza nilikuwa wapi?"

Nikapanda gari lao, nikaketi kando ya Nadeem, nikazifunika pingu zake kwa kanga yangu ili watu wasizione. Kituoni nikawaambia sitoki bila yeye. Brayson akaniletea chai, kisha mkate, kisha akanitafutia kiti chenye mgongo. Jioni, alipoona nimeanza kuwafagilia ofisi, akamleta Nadeem bila pingu.

Msimu uliofuata nilipita tena, na kikapu cha viazi. Nadeem aliniwekea kigoda palepale. Kisha akasimama akiitazama mizani yake, ambayo haikuwa na kitu.

"Bibi," akasema taratibu, "humo mna nini?"

Nilikuwa nimeshaanza kufungua. Nikavipanga viazi juu ya kaunta, kimoja kimoja, mpaka kikapu kikabaki kitupu mbele yetu.

"Sikutaka kuuliza, Bibi."

"Najua, baba."

Akavirudisha mwenyewe kikapuni, polepole, kama mtu anayepanga mayai.