Nati Kwenye Pindo

Kopo la nati lilikuwa limepungua, na Baba Chiriku alikuwa amekwisha kumtilia shaka kila mtu mwenye mikono. Kwanza alimshuku jirani yake seremala, ambaye nati hana kazi nazo kabisa. Kisha akamshuku mteja wa geti la buluu, kwa kuwa siku ile alizubaa mno karibu na meza. Jumamosi asubuhi alisimama katikati ya karakana yake ndogo ya kuchomelea, akalitikisa kopo sikioni, akaapa kwamba mwizi akimpata atamchomelea getini awe pambo.

Maneno tu hayo. Baba Chiriku hakuwahi kumchapa hata paka. Lakini alikuwa pande la mtu, mlangoni anaingia kwa ubavu, na mtaa mzima ulimwita Trekta. Mtu wa mwili ule akiapa, watu husikiliza. Moto haukumtisha. Cheche zikimrukia shingoni alizipangusa kama makombo ya mkate, akaendelea na mluzi wake.

Kitu kimoja tu kilimtoa roho, nacho ni sindano. Na kwa mzaha wa Mungu akapewa mke fundi cherehani. Tangu waoane, kila Mama Chiriku alipochukua sindano ya mkono kutia vifungo, mumewe alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu cha kutazama dirishani. Mke mwenyewe alikuwa mwembamba kweli kweli. Mama mkwe wake, siku ya kwanza kumwona, alisema huyu unamkunja unamtia kwenye mkoba. Baadaye mama mkwe huyo huyo aligundua kwamba mkoba wa kumtosha mkamwana wake haujatengenezwa, akaacha utani.

Asubuhi ile walikuwa kwenye chai, wote watatu.

"Leo nani anarudisha?" aliuliza Chiriku.

Chiriku alikuwa binti yao wa pekee, wa darasa la pili, na jina lake alilipata kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki hata akilala. Kabla hajaanza shule, malaria ilimmaliza damu mpaka viganja vikawa vyeupe, akaokolewa na mfuko wa damu ya mtu wasiyemjua. Hadithi hiyo alisimuliwa mara nyingi, naye akaielewa kwa namna yake. Kwake ilikuwa kama kuazima sufuria kwa jirani: ukishapika, unairudisha.

"Narudisha mimi," mama yake alijibu haraka. "Wale wa damu wapo leo ukumbini, nyuma ya soko."

"Lakini wewe walikukataa. Walisema huna kilo."

"Nimenenepa."

Chiriku akamkagua mama yake kuanzia kilemba hadi kandambili. Akaamua kuyaacha yapite, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akamgeukia baba. "Na wewe je?"

"Baba yako atanisindikiza," alisema mama. "Kunywa chai yako."

Baba Chiriku akainamisha uso kwenye kikombe. Mambo haya yalimchoma kuliko moto wowote wa karakana. Siku ile mtoto alipolazwa, daktari alitoka akasema ndugu wenye afya waende kupimwa ili watoe damu, na macho ya watu wote yakamwendea yeye, Trekta, mwenye mishipa minene kama kamba. Akasikia mdomo wake unasema kwamba wiki iliyopita alikuwa anameza dawa za malaria. Hakuwa amemeza hata kidonge. Mtoto wake alikuwa amelala pale, anahema kwa shida, na yeye akadanganya. Mungu si Athumani, mfuko ulipatikana hospitalini hapo hapo, wa mtu aliyekuja mwenyewe siku moja na kwenda zake bila kujua utamwendea nani. Chiriku akafumbua macho. Baba yake alitoka nje akalia nyuma ya ukuta, na watu wakadhani analia kwa furaha.

Tangu siku hiyo alizijua kanuni za kutoa damu kama anavyoijua nondo. Alijua kwamba aliyetoka kuugua malaria anaambiwa asubiri. Alijua habari za dawa, za chale mpya, za mimba na kunyonyesha, ingawa hizo za mwisho hazikumfaa. Jino lililong'olewa karibuni ndilo lililomfaa kuliko yote, na alikuwa amelitumia mara mbili. Watu wengine hujifunza kanuni ili wapite. Yeye alijifunza ili akwame. Na leo, kama mtu angemsogelea, alikuwa na jino jingine tayari.

Njiani Mama Chiriku alitembea polepole, kwa hatua za mtu anayevuka maji. Gauni lake la kitambaa kizito lilikuwa linamgonga miguuni.

"Una nini leo?" aliuliza mumewe. "Unatembea kama bibi harusi."

"Gauni jipya. Bado halijanizoea."

Ukumbini kulikuwa na viti vya chuma vilivyopangwa ukutani, mizani karibu na meza, na pazia la kijani lililotundikwa kwenye waya, ambalo watu waliulizwa maswali ya siri nyuma yake. Kwa ndani zaidi kulikuwa na vitanda, na harufu ya spiriti iliyomfanya Baba Chiriku atafute kiti karibu na mlango. Mwenye mamlaka pale alikuwa Sista mmoja mnene, miwani kwenye kamba, sauti ya kupanga watu. Alikuwa anabishana na bibi mmoja aliyepita umri wa kutoa.

"Damu yangu hii imekaa miaka yote hii, imeiva!" bibi alilalama.

"Ndiyo maana tunataka ubaki nayo, bibi. Njoo ukae hapa uwape moyo hawa vijana."

Bibi akakaa, hajaridhika, akaanza kumsuta muuza magodoro aliyekuwa anatetemeka kwenye foleni.

Ikafika zamu ya Mama Chiriku. Akapanda mizani, akatazama mbele, kidevu juu. Mshale ukapita hamsini ukasimama kwa heshima zote. Sista akautazama mshale. Akamtazama mama. Akaurudia mshale.

"Haya. Kaa nikupime presha."

Akakaa, na pindo la gauni likagonga mguu wa kiti. Ngo! Ukumbi mzima ulisikia. Nasema mapema ili asionewe mtu: mshono haukufumuka hata nukta moja. Kilichomsaliti fundi yule ni kiti.

Sista akainama, akalishika pindo kwa vidole viwili. "Mama, nini hiki?"

"Mtindo."

"Mtindo wa chuma?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Chiriku hakucheka wala hakukana. Alitoa mkasi mdogo kwenye mkoba, akakata nyuzi zake mwenyewe moja baada ya nyingine, na nati zikaanza kudondoka mapajani. Zilitoka kwenye pindo, zikatoka kwenye mkanda, zikatoka hata kwenye mabega alikokuwa ametia vijifuko kwa ndani. Pale mlangoni mumewe alizitambua zote. Kubwa zile ni za geti la buluu. Kicheko kilizunguka ukumbi kikamrukia yeye, hakikumwingia.

Alipopanda mizani tena, mshale haukufika.

"Zimepungua kidogo tu, Sista. Nipunguzie na wewe."

"Dada yangu, wewe ni fundi, utanielewa." Sauti ya Sista ilikuwa imeshuka. "Mtu akiwa mwembamba, nguo unaipunguza. Hii mifuko yangu haipunguzwi, ni saizi moja kwa wote. Kinachotoka kwa mtu wa mwili hakimtikisi. Kikitoka kwako kiasi hicho hicho, kesho utaangukia cherehani. Hatuweki kanuni ili kukukataa. Tunataka mtoaji naye afike kwake salama."

"Mwanangu anaishi kwa damu ya mtu. Nikirudi ataniuliza nani amerudisha."

"Mwambie ulikuja."

"Humjui huyo mtoto," alisema Mama Chiriku. Akakusanya nati zake kwenye kitambaa, akaenda kukaa karibu na yule bibi.

Sista akainua macho juu ya miwani. "Na huyu baba mwenye mabega, amekuja kushika mkoba? Hebu pita nyuma ya pazia."

Baba Chiriku akaenda, kwa kuwa miguu ilikataa kukimbia mbele ya watu. Sista akavuta pazia, akamkazia macho, kisha akasogea ili wa nje wasisikie.

"Wewe nakukumbuka. Mara ya kwanza jino. Mara ya pili jino. Leo tumefika la ngapi?"

Uongo ulikuwa pale pale, chini ya ulimi, umechongwa tayari. Sentensi moja tu na angekwenda zake bila mtu kumnyooshea kidole. Kwenye upenyo wa pazia alimwona mkewe amezitandaza nati mapajani, anazipanga kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, kama yeye anavyopenda zipangwe. Alikuwa anajifuta machozi kwa mgongo wa mkono ili asizilowanishe, maana anajua zinashika kutu. Baba Chiriku akamwonea fahari mwanamke yule mpaka kifua kikauma.

"Meno yangu yote yapo," akasema.

"Malaria?"

"Sijaugua. Na ile ya zamani pia sikuugua."

Sista akamwuliza na mengine, ya dawa, ya chale, na ya chumbani, yale yanayowafanya wanaume wazima watazame dari. Akajibu yote kwa ukweli. Mwishowe Sista akavua miwani. "Sasa siku zote hizo ulikuwa unakimbia nini?"

"Naogopa sindano."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo kwa sauti. Alingoja kicheko. Sista hakucheka.

"Kanuni zote nazijua," alisema Sista. "Kuogopa hakumo. Lete kidole."

Basi Trekta akatoboa kidole, yaani akatobolewa, akiwa amefumba macho na kuuma meno yake yote mazima. Damu ilikuwa nzuri, presha ilikuwa juu kidogo kwa sababu zinazoeleweka. Wakampumzisha mpaka ikashuka, wakamlaza kitandani, kitanda kikalia. Alipouona mpira unafungwa mkononi, kijasho chembamba kilimtoka na kuta zikaanza kusogea. Alikuwa karibu kuinuka. Hapo akasikia mkono mwembamba, wenye vidole vigumu vya kazi, unamshika ule mkono wake mwingine.

"Tazama dirishani," alisema mkewe.

Akageuka. Kulikuwa na ukuta wa duka na kipande cha mbingu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Hakujawahi kuwa na kitu. Wewe tazama tu, kama siku zote."

Sindano ikaingia. Iliuma, lakini yeye alikuwa na jambo jingine linalomuuma zaidi. "Kumbe unajua?"

"Nyama unayokula naipika mimi. Mtu wa kung'olewa meno havunji mifupa vile."

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali." Alisema bila hasira. "Nilijua hukumeza dawa yoyote. Nilijua pia ulikuwa unalia nini pale nyuma ya ukuta."

"Na hukusema."

"Niseme ili iweje? Ulikuwa umeshajisema mwenyewe. Nikaona mmoja wetu ataenda, basi. Kilo zinashoneka. Woga wako nitaushonea wapi?"

Baba Chiriku akaubana mkono ule mwembamba. Alikuwa na mke aliyejivika chuma mwilini akapita nacho sokoni mchana kweupe, akachekwa na ukumbi mzima, ili yeye asiulizwe. Akageuza kichwa polepole kutoka dirishani. Hakuutazama mfuko. Alimtazama mkewe, akamtazama hivyo mpaka Sista aliposema imetosha, na yule bibi akapiga vigelegele.

Walirudi nyumbani wameshikana mikono, yeye akiwa amebeba nati, maana sasa ilikuwa zamu yake kuonyesha nguvu. Chiriku alikuwa anangoja kizingitini.

"Haya, nani amerudisha?"

Mama Chiriku akafungua kinywa, akaelekeza kidole kwa mumewe, ambaye plasta ilikuwa inaonekana wazi kwenye mkono. Lakini yeye alimwahi.

"Mama yako," akasema. "Mimi nilimwazima mkono tu."

Kisha akaenda karakanani kuzirudisha nati kwenye kopo, na akiwa njiani akapita kwa seremala kumwomba radhi.